Mgongo wa Kioo: Historia ya Kioo cha Bafuni na Njia ya Kukihuisha kwa Gharama Ndogo

Mwenye nyumba aonaye waa jeusi likitambaa kutoka ukingoni mwa kioo cha bafuni aghalabu hudhani kwamba kioo kimezeeka, akaazimia kukitoa ukutani na kununua kingine, ilhali kioo chenyewe, ambacho hakiozi wala hakishiki kutu, hakijapatwa na dhara lolote. Kilichougua ni utando mwembamba wa madini uliopakwa nyuma yake. Historia ya kioo cha kujitazamia, kwa karne tano hizi zilizopita, ni historia ya mgongo huo, na asiyeijua hutupa mali ambayo ingeweza kutengenezwa kwa gharama ya mbao chache na kopo la rangi.

Zamani za kale kioo hakikuwa na mgongo wa kuugua. Watu wa Çatalhöyük, katika nchi iitwayo leo Uturuki, walijitazama katika jiwe jeusi la volkano lililosuguliwa mpaka likang'aa, yapata miaka 8,000 iliyopita. Wamisri na Wachina walitumia shaba. Na Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manadhir katika karne ya 11 na kueleza kwa hesabu namna nuru inavyorudi kutoka katika uso bapa na uso wa mviringo, alizichunguza kanuni hizo kwa vioo vya madini. Kioo cha namna hiyo uso wake ndio madini yenyewe, kwa hiyo kilihitaji kusuguliwa kila mara, na sura iliyoonekana ndani yake ilikuwa na kiza.

Mageuzi makubwa yalitoka Venice. Mafundi wa kioo wa mji huo walikuwa wamehamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, kwa hofu ya moto wa tanuri zao, na katika karne ya 16 ustadi wao ulifikia kutandaza karatasi nyembamba ya madini ya bati juu ya meza, kumimina zebaki juu yake, kuteleza kioo safi juu ya zebaki, na kukandamiza kwa mawe mazito mpaka zebaki iliyozidi ichuruzike na iliyobaki ishikamane na bati. Kazi hiyo ilikuwa siri iliyolindwa kwa sheria kali, na bei yake haikusemeka. Saint-Simon, mwandishi wa kumbukumbu za makao ya mfalme wa Ufaransa, amesimulia habari ya bibi wa jamaa bora, Comtesse de Fiesque, aliyeuza shamba lake la ngano apate kioo kimoja, akaona amefanya biashara njema. Ndipo waziri Colbert alipowashawishi mafundi wa Venice kwa fedha wahamie Ufaransa, akaanzisha kiwanda cha mfalme mwaka 1665. Na ukumbi wa Versailles, uliomalizika mwaka 1684, ukapambwa kwa vioo 357 katika matao 17, ili wageni wote wajue kuwa fakhari ya Venice imehama.

Lakini fakhari hiyo ililipwa kwa miili ya watu, na jambo hili halifai kupitwa kwa haraka. Tabibu Bernardino Ramazzini, aliyetoa kitabu chake cha maradhi ya wafanya kazi mwaka 1700, aliwataja watengeneza vioo wa Venice miongoni mwa watu wanaopooza na kukosa pumzi kwa sababu ya zebaki waishikayo. Na miaka 161 baadaye, mwaka 1861, tabibu Adolf Kussmaul alichapisha uchunguzi wake juu ya wafanya kazi wa vioo wa Fürth na Erlangen huko Ujerumani, waliotetemeka mikono na kuharibika vinywa kwa sumu ile ile. Zaidi ya karne moja na nusu, basi, maarifa yalikuwapo, na mvuke wa zebaki uliendelea kuvutwa na maskini ili matajiri wapate kuona sura zao.

Aliyefungua njia ya kutoka katika dhiki hiyo ni mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig, aliyegundua mwaka 1835 kwamba naitreti ya fedha, iliyoyeyushwa pamoja na amonia na kuchanganywa na kitu chenye nguvu ya kuitenga fedha, huiacha fedha safi ikitanda juu ya kioo. Na sukari za aina fulani zatosha kuifanya kazi hiyo. Utando huo unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Fedha, madini ya wafalme, ikawa rahisi kuliko bati na zebaki, kwa kuwa hapahitajiki ila chembe yake. Na juu yake, katika viwanda vya baadaye, ukapakwa utando wa shaba nyekundu, kisha rangi, ili kuikinga na hewa. Mwaka 1959, kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza njia ya kukifanya kioo kilichoyeyuka kielee juu ya bati lililoyeyuka, kikatoka bapa pande zote mbili bila kusuguliwa, gharama ya kioo kitupu nayo ikashuka.

Katika pwani yetu kioo kikubwa kilikuwa chombo cha jaha muda mrefu kabla hakijawa chombo cha bafu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza kuta za vyumba vya majumba ya baba yake, jinsi nafasi zilizo baina ya zidaka zilivyojazwa vioo vya thamani vilivyoagizwa Ulaya kwa vipimo maalumu, vikipanda kutoka karibu na sakafu mpaka darini. Mahali pa kioo palikuwa chumbani. Chooni palikuwa pa birika, kata na udhu, na mtu alijitazama na kujipaka wanja penginepo, akimwomba Mola ampambe tabia kama alivyompamba umbo.

Kioo kiliingia bafuni kwa kufuata bomba. Maji yalipoanza kupanda ndani ya nyumba na beseni kutundikwa ukutani, shughuli za kunawa uso na kunyoa, zilizofanywa chumbani mbele ya meza ya jagi, zilihamia kwenye mfereji. Na wembe wa King Camp Gillette, uliopata hataza Marekani mwaka 1904, ukamwezesha kila mwanamume kujinyoa mwenyewe kila asubuhi bila kumwendea kinyozi. Hapo kioo kikawa lazima, nacho kikawekwa mahali pabaya kuliko pote kwa tabia yake: penye mvuke, matone na sabuni, na huku kwetu, penye hewa ya chumvi.

Nami naamini kwamba mtu aliyeifahamu habari hii atakihuisha kioo chake kwa njia nyingine na ile ya dukani. Waa jeusi ni unyevu uliopenya ukingoni ukala fedha. Halifutiki, lakini huweza kuzuiliwa na kusitiriwa. Kioo kishushwe, kikaushwe vyema, kingo zake na sehemu za mgongo zilizobanduka zipakwe rangi ya mafuta, kisha kivikwe fremu ya mbao yenye upana wa kulifunika waa. Mafundi wa Lamu na Unguja hutengeneza fremu nzuri kwa mbao za majahazi yaliyostaafu, na mbao hizo, zilizokwisha zoea maji ya bahari, hazitishiki na mvuke wa bafu. Upande wa fremu unaogusa kioo upakwe rangi ile ile ya mbele, kwa sababu kioo kitauonyesha, na mti mtupu unaochungulia ukingoni huharibu kazi yote. Waa likiwa limekwenda mbali, fundi vioo aweza kukata kingo kwa almasi, kioo kikapungua inchi chache na kubaki kizima. Ila ukingo mpya nao upakwe rangi kabla ya kurudishwa.

Kukibandika, silikoni inayonuka siki isitumike kabisa, maana asidi yake hula utando wa nyuma. Iko nyingine isiyo na asidi, na bei yake haizidi sana. Kioo kisikalie beseni, kwa kuwa maji hutuama kwenye ukingo wa chini na ndiko ugonjwa uanzako. Kiinuliwe, na baina yake na ukuta iachwe nafasi ndogo ya hewa. Wakati wa kukisafisha, maji yenye amonia yasinyunyiziwe juu yake; yatosha kitambaa kilicholowa kidogo, kikifuatwa na kikavu, hususan pembeni.

Ikiwa fedha imebanduka katikati, mahali pa uso, hapo hapana hila, na kununua ni halali. Mnunuzi aagize kioo cha milimita nne badala ya tatu, kwa kuwa chembamba hujipinda na kuipotosha sura, na kabla ya kulipa akigeuze, autazame mgongo.