Mario wa Ngamiani hakuwa na haraka

Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki wa Super Mario Bros. kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, muziki wa gemu wa kwanza kupata nafasi hiyo. Niliposoma habari ile nikautafuta, nikausikiliza. Jamani, si wenyewe! Noti ni zilezile, lakini unakimbia kama mtu aliyeachwa na basi.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo mtaani kwetu TV na gemu vilikuja kama mtu na mdogo wake. Jirani mmoja alikuwa na chumba cha uani, mabenchi mawili na pazia zito. Unatoa sarafu, unapewa pedi. Ukifa, zamu ya mwenzio. Asiye na sarafu anakaa nje chini ya dirisha, na huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Mario nilimsikia sana kabla ya kumwona. Kwa sikio tu nilijua nani kaingia chini ya ardhi, na nani muda unamwishia, maana hapo muziki unashika kasi ghafla.

Muziki ule aliutunga Koji Kondo, Japani, 1985. Chipu ya Nintendo ilikuwa na njia tano tu za sauti, na yeye alijenga wimbo kwa nne: mbili za kuimba, moja ya besi, moja ya mchakacho wa ngoma. Lakini Nintendo yenyewe chumba kile hakikuwa nayo. Tulikuwa na mashine ya kuiga, kama zilizojaa madukani miaka ile, na siri ya kasi imo humo. TV za Japani huchora picha 60 kwa sekunde. Za mfumo wetu wa PAL, 50. Gemu lilihesabu mapigo yake kwa picha hizo. Kaseti iliyotengenezwa kwa Japani ukiichomeka kwenye mashine ya kuiga ya PAL, wimbo unapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, huku sauti ikibaki karibu palepale. Tena baadhi ya chipu za kuiga zilipishanisha sauti nyembamba na nene, hata rangi ya wimbo ikawa nyingine.

Kwa hiyo sikukosea. Kilichohifadhiwa Marekani ni cha kwao. Cha kwetu kilikuwa ndani ya mashine ambazo chumvi ya bahari imeshazila.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayepiga kinanda kwenye taarab za harusi. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, taarab na gitaa vimekutana hapa zamani, nikajua hatanicheka.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Lete hiyo simu.”

Akasikiliza, akakunja uso. “Huyu anakimbilia wapi?”

Nikamwomba apunguze. Akapunguza kidogo, nikasema bado. Tulipofika penyewe nikajikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, bila kujua nimeshuka lini kwenye kiti.

“Maneno yake vipi?” akauliza.

“Hauna maneno, mjomba.”

“Haiwezekani,” akasema, akauanza upya.