Dona ya Ngano

Mtu akitaka mkate wenye ganda la ngano ndani yake, awe dukani Ruaha Mbuyuni au kwingine kando ya barabara ya TANZAM kati ya Mikumi na Iringa, atasema, "Nipatie wa brauni." Muuzaji ataelewa na mkate utashushwa rafuni. Wameelewana, lakini jina hilo linanisumbua, kwa sababu limetaja rangi na kuuacha unga. Rangi ya kahawia hupatikana kwa njia nyingi. Sukari iliyounguzwa ikitiwa kwenye unga mweupe hutoa mkate wa brauni usio na hata chembe ya ganda. Aliyeomba brauni atakuwa amepewa brauni, na hana la kudai.

Mahali penyewe pamepewa jina kwa uaminifu zaidi. Pana mto, Ruaha Mkuu, na pana mibuyu. Basi pakaitwa Ruaha Mbuyuni. Ni kata ya Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, mpakani na Morogoro, kwenye bonde lenye joto chini ya mlima Kitonga. Watu wake wanajulikana kwa vitunguu vya umwagiliaji. Ngano hailimwi hapa. Ngano hutaka baridi, kama ile ya Makete, na mbegu zake za Nyanda za Juu Kusini zimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi Uyole, Mbeya. Lakini hata wapandao Kitonga kwenda kwenye baridi hiyo wanakula zaidi ngano ya meli, maana sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania huagizwa nje na kusagwa kwenye viwanda vikubwa. Unga unafika vijijini ukiwa tayari mweupe, ndani ya mfuko, na hakuna aliyeuona ukikobolewa. Ndiyo maana mkate umekosa jina: watu hawakuwapo kazi ilipofanyika.

Kwenye mahindi walikuwapo, na wapo mpaka leo.

Nenda mashineni. Mwendesha mashine ana swali moja kabla hajawasha: unakoboa, au dona? Kukoboa ni kuvua punje ganda lake. Zamani ilikuwa kazi ya kinu na mchi, kisha ungo wa kupepetea. Yaliyokobolewa yakisagwa yanakuwa sembe, na kilichovuliwa ni pumba. Asiyekoboa husaga punje pamoja na ganda na kiini chake, akapata dona. Anayetaka chengachenga za vifaranga huomba aparaziwe. Mtoto anayetumwa na debe la mahindi kichwani anayajua maneno haya yote kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba kukoboa kuna malipo yake mbali na kusaga, kwamba debe litapungua, kwamba ugali wa sembe utakuwa mweupe na laini na ule wa dona utakuwa mzito wenye utamu wa mahindi. Anajua hata kwamba dona haikai. Kiini cha punje kina mafuta, na kwenye joto la bonde kama hili mafuta hayo huharibika, unga ukaanza kunuka na kuwa mchungu. Sembe husubiri rafuni. Wenye maduka wanaipenda kwa hilo kuliko hata kwa weupe wake.

Hiyo ni elimu kamili ya nafaka, yenye vitenzi vyake na nomino zake, na kila neno limeshikamana na kitu kinachoonekana. Punje ya ngano nayo ina ganda, kiini, na wanga uliojaa katikati. Mashine za kiwandani huvua vile viwili vya kwanza na kubakiza cha tatu. Kwa nini basi, tukifika kwenye mkate, tunaanza upya na neno la rangi? Unga wa ngano iliyosagwa na ganda lake ni dona ya ngano. Wapo wanaosema hivyo tayari, wengine husema "ngano dona", na sijawahi kuona aliyehitaji kufafanuliwa mara ya pili.

Wataalamu wa lishe wana jina lao: nafaka zisizokobolewa. Ni istilahi sahihi na ninaiheshimu, kwa sababu imejengwa juu ya kitenzi cha mashineni. Ila ina uzito wa aina yake. Kiswahili hupenda sana umbo hili la kukanusha. Wasomaji wa Biblia wanaijua Sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu, na hapo kukanusha kuna maana kubwa, kwa kuwa kutotia chachu ni tendo lenyewe, ni amri iliyotimizwa. Kwa nafaka mambo ni kinyume. Punje ilikuwa nzima kabla ya kinu na kabla ya mashine. Tukiiita "isiyokobolewa" tunaifanya sembe iwe kipimo, na punje kamili iwe pungufu ya kitu fulani, wakati iliyopungukiwa ni sembe. Sheria yenyewe ilikwisha kukiri upungufu: kanuni za mwaka 2011 zilivitaka viwanda viongeze madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwenye unga wa ngano. Dona ni nomino inayosimama kwa miguu yake. Haikanushi chochote.

"Ngano nzima" nayo imejaribiwa, na ina kasoro ya upande mwingine. Tukisema mahindi mazima tunafikiria punje ambazo hazijaguswa, kama zile za kwenye makande. Mteja aliyeahidiwa mkate wa ngano nzima ana haki ya kutafuta punje kwa ulimi. Mijini kuna pia "atta", inayojulikana sana na wapika chapati. Hilo ni neno la Kihindi ambalo kwao ni unga tu, na hapa kwetu limejipatia maana finyu zaidi. Silichukii. Linafaa kwa chapati, mahali lilipozaliwa.

Neno "istilahi" lenyewe linatusaidia kuamua. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa suluhu na maslahi. Istilahi ni jambo ambalo watu wamepatana juu yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu na kusambaza, lakini mapatano ya kweli ya jina la mkate hufanyika kwenye meza ya muuzaji, kati ya anayetoa fedha na anayetoa mkate. Dona imeshapata mapatano hayo. Kinachohitajika ni kuipanua kidogo, kutoka kwenye mahindi mpaka kwenye ngano, na kupanua maana ni njia halali kabisa ya kuunda istilahi, ya zamani kuliko tafsiri.

Na mkate umezoea kupokea majina ya namna hii. Hesabu ya mikate ya pwani inaonyesha hivyo. Mkate wa kumimina unaitwa kwa jinsi mpishi anavyoufanya. Mkate wa kusukuma, ambao ndio chapati, vivyo hivyo. Mkate wa sinia umechukua jina la chombo, mkate wa ufuta la kilichonyunyizwa juu. Hata tumbaku iliyoshindiliwa ikawa donge iliitwa mkate wa tumbaku, kwa kuwa kiini cha neno hili ni lile bonge lililofinyangwa, na ngano si sharti. Kwenye mkate wa mofa yafaa tusimame kidogo. Ni mkate wa unga wa mtama unaookwa kwenye tanuri la udongo. Mtama huo ukisagwa nyumbani kwa mawe bila kukobolewa, ganda lake huingia humo humo. Mkate wenye nafaka kamili una umri mkubwa Uswahilini kuliko boflo, na anayeuona kama chakula cha wageni au cha wagonjwa wa kisukari amepoteza kumbukumbu. Mkate wa dona utajipanga kwenye safu hiyo bila kusukumana na yeyote.

Ugumu uko kwenye ganda lenyewe. Jina lake la kila siku ni pumba, na pumba zina soko zuri: nguruwe, kuku na ng'ombe wa maziwa wanazila, na mfuko wa pumba za ngano una bei yake. Lakini kwa watu neno limeharibika. Anayeongea ovyo anaongea pumba. Hakuna mwokaji atakayeandika "mkate wa pumba" kwenye kibao chake akauza hata mmoja, ijapokuwa ndicho kitu kinachofanya mkate wake uwe bora. Kiswahili kina neno jingine, wishwa, ambalo kamusi zinalieleza kuwa makapi laini ya nafaka iliyotwangwa. Limekaa kando kwa muda mrefu na halikuchafuka. Mkate ulionyunyiziwa wishwa juu kabla ya kuingia motoni: hilo naweza kulisema mbele ya mteja bila kusita, na ningependa kulisikia likirudi mdomoni mwa watu.

Kuhusu kinachouinua mkate tuna utajiri ambao hatuutumii. Unga huumuka, mpishi huuumua. Sijui lugha nyingi zenye jozi fupi kama hiyo kwa tendo hilo. Hamira, ambayo sasa ni chembechembe za kwenye pakiti, katika matumizi ya zamani ilikuwa unga na maji yaliyoachwa yachachuke, yaani kile kitu ambacho waokaji wa Ulaya na Marekani wamekirudia kwa shauku na kukitunza kwenye mitungi ya jikoni. Kwa kuwa hamira imehamia kwenye pakiti, chachu imebaki huru kwa ajili ya donge lililochachuka lenyewe. Neno hilo limetoka kwenye kuchacha, na linaeleza ladha ile ile ya ukali mdogo ambayo mkate huo unao. Mkate wa hamira na mkate wa chachu: tofauti iko wazi, haihitaji neno la kuazima. Kwenye joto la Ruaha Mbuyuni chachu hufanya kazi haraka, na mwokaji wa hapa atalazimika kuuwahi unga wake saa nyingi kabla ya mwenzake wa Mafinga, ambaye huufunika kwa kitambaa na kuusubiri.

Nimesema mwokaji, na mahali pake watu wanapaita bekari. Nimeliacha hivyo. Wengine wangependa "tanuri la mikate", lakini huko Iringa ukisema tanuri watu wengi wanafikiria matofali, na wako sahihi, kwa sababu matanuri ya matofali yapo kila upande. Neno lililokwisha kushikwa na kazi nyingine haliporwi. Kuoka nako kulianzia kwenye majivu ya moto, kwa muhogo na viazi, kukakubali kuingia kwenye oveni bila kulalamika.

Sasa vile vitu vingine vinavyojaza kabati la kioo la bekari: skonzi, keki, vileja, visheti. Jina lao la jumla ni lipi? Wengi husema vitafunwa, wengine wanasisitiza vitafunio, na ubishi huo unaweza kumaliza chai mezani. Upande wangu ni wa vitafunio, kwa sababu kitafunwa ni chochote kinachotafunwa, nyama na muwa vikiwemo, ilhali kitafunio kina kazi maalumu ya kusindikiza kinywaji. Lakini lipo jina bora kuliko yote mawili, nalo tumelifinya mpaka likabaki kitu kimoja. Maandazi yametokana na kuandaa. Katika kamusi za zamani yalikuwa vyakula vya unga na vitu vitamu vinavyotengenezwa kwa ustadi, na mwandazi alikuwa fundi wa kazi hiyo. Leo andazi ni lile tu la kukaangwa, lenye pembe tatu au nne, la asubuhi na chai ya rangi. Nalipenda andazi hilo na sitaki lipoteze jina. Ninachotaka ni kwamba mtu anayejifunza kutengeneza keki na skonzi aweze kuitwa mwandazi, na asiitwe kwa maneno matatu ya kuungaunga.

Majina ya namna hii yana mahali pake pa kupimwa. Mjini Iringa, Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kina mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi au hukionyesha kwa alama. Kwenye karatasi hakuna sauti wala kunyoosha kidole rafuni kusema "ule pale". Jina lililoandikwa lazima lijitosheleze. Ukiandika "brauni" umeandika rangi. Ukiandika "mkate wa dona" umeandika chakula.

Limebaki suala la mikate ya nafaka zaidi ya moja, yenye ulezi, mtama au mbegu za maboga. Wafanyabiashara watavutwa na "mkate wa lishe", kwa kuwa unga wa lishe wa uji umeshazoeleka. Mimi ningewasihi waache. Lishe ni sifa ya kila chakula kizuri, na kwenye unga wa uji neno hilo limeshaficha mengi: mchanganyiko wa huyu una karanga, wa yule una soya, na mama anayenunua hajui mpaka aupike. Mkate utajiwe nafaka zake, kubwa ikitangulia: mkate wa dona ya ngano na ulezi. Ni jina refu, na mteja atalifupisha mwenyewe akishaujua. Pengine ataomba tu "wa ulezi", na mwokaji atajua ni upi.