Shamba Lisilolimwa la Eleusis

Vitabu vinavyomjulisha msomaji miungu ya Ugiriki ya kale karibu vyote huanzia mahali pamoja, kileleni mwa mlima Olympus, penye baraza la miungu 12. Zeus hupewa radi, Poseidon bahari, Athena hekima na ufundi, Ares vita, Aphrodite mapenzi, Hermes safari na biashara. Demeter, zamu yake ikifika, huandikiwa mstari mmoja: mungu wa kike wa nafaka, mama yake Persephone. Kisha ukurasa unafunuliwa. Mpango huo ni rahisi kufundisha na rahisi kukariri, lakini unamnyang'anya mungu wa Kigiriki kitu ambacho waliomwabudu walikuwa tayari kukipigania, nacho ni ardhi yake. Anayetaka kumjua Demeter inampasa ashuke mlimani, aende Eleusis, mji wa pwani ulio kilomita 20 hivi magharibi ya Athens, unaotazamana na kisiwa cha Salamis. Na akifika asikimbilie ukumbi wa siri unaozungumzwa na kila mtu. Atafute kwanza mpaka wa shamba.

Hadithi yenyewe ni mashuhuri, haina haja ya kurefushwa. Hades alimnyakua Persephone kwa ridhaa ya Zeus, baba mzazi wa binti huyo. Mama akamtafuta siku tisa akiwa na mienge mikononi, akafika Eleusis katika umbo la bibi kizee, akaketi kisimani, akachukuliwa kuwa yaya nyumbani kwa Keleos. Alipojidhihirisha alidai ajengewe hekalu papo hapo, akajifungia humo na kuinyima dunia nafaka, hata Zeus akalazimika kutuma miungu mmoja mmoja kwenda kumbembeleza. Utenzi wa kale unaosimulia haya ulipotea kwa karne nyingi, mpaka nakala yake ilipopatikana Moscow mwaka 1777. Wengi huusoma kama kisa cha majira ya mwaka tu, wakaliruka jambo ambalo mshairi amelikazania: Demeter, akigombana na Zeus, anaihama Olympus, na mahali anapochagua kukaa na hasira yake ni Eleusis. Ni kweli kwamba mwishoni anapanda tena kwa miungu pamoja na binti yake, na mtetezi wa orodha ya 12 atazishika beti hizo. Lakini kabla ya kupanda, anawakabidhi wakuu wa Eleusis ibada zake, nao wanatajwa kwa majina. Mmoja wao ni Eumolpos. Kutokana na jina hilo ukoo wa Eumolpidai ulidai haki ya kutoa kuhani mkuu wa Eleusis, na ukoo wa pili, Kerykes, ukawa ndio unaotoa mshika mwenge. Haki hizo zilirithiwa kwa karne nyingi, hata chini ya utawala wa Warumi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK kwamba Homer na Hesiod ndio waliowapa Wagiriki nasaba ya miungu, wakaigawia miungu hiyo majina, heshima na kazi. Ikiwa Mgiriki mwenyewe anasema hivyo, orodha ina kosa gani? Kosa ni kuichukulia kazi ya washairi kuwa ndiyo ibada. Washairi waliwapa Wagiriki, waliotawanyika katika mamia ya miji, usemi mmoja wa kuzungumzia miungu, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila hata hao 12 hawakuwa walewale kila mahali. Athens ilikuwa na madhabahu ya miungu 12 sokoni tangu karne ya 6 KK. Olympia nako miungu 12 iliabudiwa jozi kwa jozi katika madhabahu sita, na miongoni mwao walikuwamo Kronos, Rhea, na mto Alpheios unaopita palepale. Mto! Tena Zeus wa Dodona alihudumiwa na makuhani waliolala chini na wasionawa miguu, jambo ambalo Homer mwenyewe analitaja. Artemis wa Ephesus, kwa sura na kwa sherehe, alikuwa mbali na binti mwindaji wa vitabuni. Eleusis basi haikuwa ya pekee katika hili. Upekee wake ni kwamba ushahidi wake umechongwa kwenye mawe, nasi tunaweza kuusoma.

Jiwe moja la nusu ya pili ya karne ya 5 KK lina amri ya Athens kuhusu malimbuko. Kila mkulima wa Attica alitakiwa kutoa sehemu moja kati ya 600 ya shayiri yake na sehemu moja kati ya 1,200 ya ngano yake. Miji iliyokuwa chini ya Athens nayo ililazimishwa kuleta, na Wagiriki wengine wakaalikwa. Nafaka ilipelekwa Eleusis, yakachimbwa maghala matatu ya ardhini ya kuihifadhi. Hapa Demeter hafanani na sanamu ya mavuno iliyopambwa masuke kichwani. Anadai haki yake, ana maghala, ana wasimamizi wanaotoa hesabu. Watakaosema kwamba Athens ilimtumia ili kuvuna utiifu wa miji mingine wana hoja, nami sioni sababu ya kuikataa. Lakini amri hiyo ingekuwa na nguvu gani kama Wagiriki wasingeamini kwamba nafaka ya kwanza ilipandwa katika bonde la Eleusis, wala si kwingine?

Kinachoamua hoja hii ni ugomvi wa shamba. Kati ya Eleusis na mji jirani wa Megara kulikuwa na ardhi iliyoitwa Orgas, mali ya Demeter na binti yake, isiyoruhusiwa kulimwa. Watu wa Megara walishtakiwa kwamba wameilima. Thucydides anaorodhesha shtaka hilo miongoni mwa sababu zilizotolewa na Athens, kabla ya mwaka 431 KK, za kuwafungia Wamegara bandari na masoko yake, na marufuku hiyo ikawa mojawapo ya hoja kuu za kuelekea vita na Sparta. Wanahistoria wengi wa nyakati zetu hulipita shtaka hili haraka: dini ilikuwa kisingizio, wanasema, na biashara ndiyo sababu. Mwaka 1972 mwanahistoria de Ste. Croix aliwapinga, akasisitiza kwamba ardhi takatifu ilichukuliwa kwa uzito wake. Si yote aliyoyasema kuhusu marufuku hiyo yaliyokubaliwa, lakini katika hili alikuwa na haki, na ushahidi ulio bora kuliko wote ni wa miaka 80 baadaye.

Mwaka 352 KK Athens haikuwa tena na dola, na sehemu ya Orgas ilikuwa imeshaanza kulimwa. Palitokea wazo la kuikodisha ili kodi yake isaidie ujenzi na ukarabati katika patakatifu pa Eleusis. Baraza la wananchi halikuthubutu kuamua lenyewe. Liliagiza maneno yaandikwe kwenye vipande viwili vya bati vilivyo sawasawa: kimoja kikisema ardhi ikodishwe, cha pili kikisema iachwe bila kulimwa kwa ajili ya miungu hao wawili. Vipande vikakunjwa, vikafungwa kwa sufi, vikatiwa katika mtungi wa shaba na kutikiswa. Kisha kimoja kikatolewa na kutiwa katika mtungi wa dhahabu, kingine katika mtungi wa fedha. Mitungi ikapigwa mihuri, na Mwathene yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuongeza wake. Watu watatu wakatumwa Delphi wakamuulize Apollo swali moja tu: tufuate maandishi ya mtungi wa dhahabu au ya mtungi wa fedha? Si wajumbe, si makuhani wa Delphi, si mtu yeyote aliyejua ndani ya kila mtungi mna nini.

Mtu atasema uangalifu huo wote ulikuwa siasa, kwa kuwa Delphi wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wafoki na Athens ilihofia jibu la kununuliwa. Naam, hofu hiyo huenda ilikuwapo. Lakini anayehofia jibu la kununuliwa ni yule anayetaka jibu la kweli. Serikali inayosaka kisingizio haijinyimi uwezo wa kuchagua jibu. Waandishi wa baadaye wanaeleza kwamba mungu aliamua ardhi isilimwe, na kwamba baada ya Athens kuingia Megara na jeshi, mpaka uliwekwa na watu wawili, Lakrateides kuhani mkuu na Hierokleides mshika mwenge. Hao ndio wakuu wa ibada, kutoka koo zilezile mbili, wakisimama shambani kuweka alama za mpaka. Karne tano baadaye msafiri Pausanias, akiipita njia takatifu ya kutoka Athens, aliona kaburi la Anthemokritos, mjumbe ambaye Waathene walidai aliuawa na Wamegara alipokwenda kuwazuia wasilime. Akaandika kwamba ghadhabu ya miungu hao wawili ilikuwa bado juu ya Megara, na kwamba hata mfalme Hadrian wa Roma hakuweza kuustawisha mji huo.

Wasomaji wa leo hupenda zaidi ukumbi wenye nguzo 42, ambamo maelfu walioonyeshwa siri walikula kiapo cha kunyamaza. Mwaka 1978 watafiti watatu walidai kwamba kinywaji cha shayiri walichokunywa kilikuwa na kuvu wa kulevya, na tangu hapo wino mwingi umemwagika juu ya kikombe hicho bila ushahidi wa kutosha. Shamba, ambalo habari zake ziko wazi kwenye jiwe, limeachwa kwa wataalamu wachache, na jambo hilo linasikitisha.

Yaliyofuata yanaelezwa kwa haraka. Mwaka 392 mfalme Theodosius alipiga marufuku ibada za kale, na miaka michache baadaye Wagothi wa Alaric waliuharibu mji. Wanaakiolojia wa Ugiriki walianza kuchimba mwaka 1882. Kiwanda cha saruji kilianzishwa mwaka 1902, vikafuata viwanda vya chuma na vya kusafisha mafuta katika bonde lilelile lililodaiwa kuzaa nafaka ya kwanza. Mwaka 2023 Eleusis ilikuwa mmoja wa miji mikuu ya utamaduni ya Ulaya.

Katika karne hizo za mwisho, ni tukio moja ambalo halipaswi kupitwa. Mwaka 1801 Mwingereza Edward Daniel Clarke alikuta kwenye uwanja wa kupuria nafaka sanamu kubwa ya mwanamke, iliyozikwa mpaka shingoni katika samadi. Wanakijiji waliamini rutuba ya mashamba yao inaitegemea, wakapinga isiondolewe. Clarke aliichukua akiwa na kibali cha mtawala wa Kituruki. Meli iliyoibeba ilizama karibu na pwani ya Uingereza, sanamu ikaokolewa, na leo iko katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge. Clarke alitangaza kwamba amempata Demeter mwenyewe, na hapo alikosea: ilikuwa nguzo ya umbo la mwanamke aliyebeba kikapu kitakatifu kichwani, kutoka lango lililowekwa nadhiri na Mrumi Appius Claudius Pulcher katika karne ya 1 KK. Wanakijiji nao hawakuwa warithi wa moja kwa moja wa ibada ya kale, na anayedai hivyo anavuka mipaka ya ushahidi. Hata hivyo walilijua jambo ambalo msomi yule hakulijua, kwamba kitu hicho kina maana kikiwa kando ya mashamba yale. Pacha wake, aliyesimama upande wa pili wa lango hilohilo, yuko katika makumbusho ya Eleusis. Cambridge haina hoja ya maana ya kuendelea kuwatenganisha.