Kutu ya bodi: magari ya zamani ya Tongaren

Kutu ya bodi ni kuliwa kwa bati la gari pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Dawa yake ni kukata sehemu iliyooza, kuchomelea bati jipya na kulifunika kwa rangi. Tongaren, katika kaunti ya Bungoma, na mji jirani wa Kitale, kazi hii iko mikononi mwa mafundi wa bodi wa jua kali.

Tongaren ni nchi ya mahindi. Mashamba ya walowezi yalipogawiwa wakulima Waafrika katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960, gari la aliyejiweza lilikuwa Land Rover au Peugeot, ambayo huku ni Pijo tu. Pijo 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Sifa hiyo haijafutika, na bado wapo wanaolipia viraka vya pikapu kuukuu kuliko kuiuza kwa kilo.

Pwani, lawama ya kutu ni ya chumvi ya bahari. Kitale iko mwinuko wa mita 1,900 hivi, na huku wa kulaumiwa ni matope na mizigo. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Udongo hujishindilia ndani ya madigadi, huziba matundu ya kutolea maji chini ya milango, na hubaki na unyevu hata barabara ikishatimua vumbi. Kisha kuna mbolea. CAN iliyomwagika kwenye gunia lililopasuka ni chumvi inayovuta maji kutoka hewani. Ikijipenyeza kwenye maungio ya sakafu hula bati usiku na mchana. Mkojo wa ng'ombe wanaopelekwa sokoni humalizia. Kwa hiyo pikapu ya shamba huozea chini wakati paa lake lingali zima.

Husemwa kwamba Land Rover haishiki kutu. Ni kweli nusu. Tangu 1948 mabati yake mengi ya nje yalikuwa ya aluminiamu, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, lakini chesisi na ukuta wa mbele ya miguu ya dereva ni chuma. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji, aluminiamu huanza kutoa unga mweupe. Kiraka chake hupigwa riveti, kikitenganishwa na chuma kwa praima au mpira.

Kabla ya bei, fundi mzuri hugonga. Bati zima hulia. Lililooza hujibu kwa sauti ya gunia. Mnunuzi naye aje na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba, aipitishe chini ya milango ya Pijo: pale inapodondoka, chini ya rangi kuna puti, si chuma.

Kazi ikianza, betri hufunguliwa na tangi la petroli huondolewa kwanza. Kutu hukatwa mpaka bati linalong'aa, hata kama tundu la sarafu litageuka la sahani, kwani kutu iliyoachwa pembeni hutembea chini ya rangi mpya. Kielezo hukatwa kwenye katoni, kisha bati la unene wa milimita 0.8 hadi 1, mara nyingi kutoka boneti la gari bovu. Mabati ya paa hayafai: ni membamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomlaza fundi na homa usiku huo. Kiraka hushikizwa kwa nukta, moja huku, nyingine kule, na kitambaa chenye maji hupoza kati yake. Anayechomelea mstari mzima kwa pupa hupata bati lililojikunja kama kaukau.

Puti ni ya kusawazisha, milimita mbili tatu tu. Kuna wanaojaza tundu kwa gazeti na kulipaka puti juu. Huo ni wizi, na msimu mmoja wa mvua huufichua. Baada ya msasa na praima huja rangi, kisha oili chafu hupulizwa ndani ya mihimili kupitia matundu ya maji yaliyozibuliwa. Kwa wiki nzima gari hudondosha matone meusi uani, na kuku hulikwepa.