Ufunguo Uliosafiri Sentimita 32.5

Haya wasomaji, leo naweka programu kando kidogo turudi kwenye historia. Wengi hudhani kriptografia ya kwanta ni mambo ya juzi. Wapi! Mwishoni mwa miaka ya 1960, Stephen Wiesner, mwanafunzi wa fizikia Columbia, Marekani, aliwaza noti za pesa zisizoweza kughushiwa kwa sababu zimebeba chembe za mwanga. Makala yake ikakataliwa. Ilichapishwa 1983.

Bahati nzuri alikuwa amemsimulia rafiki yake, Charles Bennett, aliyekuja kufanya kazi IBM. Mwaka 1979, wakati wa kongamano mjini San Juan, Puerto Rico, Bennett aliogelea hadi kwa mtu asiyemjua, akaanza kumweleza habari za noti hizo humo humo majini. Mtu huyo alikuwa Gilles Brassard kutoka Montréal. (Mimi ningedhani ni tapeli.) Desemba 1984, huko Bangalore, India, wawili hao wakatoa itifaki inayoitwa BB84.

Inafanyaje kazi? Mtumaji anatuma fotoni moja moja, kila moja imeelekezwa pembe fulani. Mpokeaji anabahatisha namna ya kuipima. Kisha wanaambiana hadharani namna walizotumia, bila kutaja majibu, na kubakiza zilizolingana tu. Mdukuzi akidaka kila fotoni, akaipima na kutuma nyingine badala yake, takriban asilimia 25 ya biti zilizobaki zitakuwa na makosa. Wakilinganisha sampuli wanamgundua, wanatupa ufunguo huo. Ujumbe wenyewe hupita njia ya kawaida. Kinacholindwa hapa ni ufunguo.

Jaribio la kwanza lilifanyika 1989 katika maabara ya IBM, Yorktown Heights. Mwanga ulisafiri sentimita 32.5, yaani rula moja na ushee! Tena vifaa vya kugeuza pembe vilitoa sauti tofauti kwa kila pembe, hata Brassard akatania baadaye kuwa mfumo ule ulikuwa salama kabisa, mradi mdukuzi awe kiziwi. Aprili 2004 jijini Vienna, pesa zilitumwa benki kwa ufunguo wa kwanta uliopita kwenye faiba ya kilomita 1.45 ndani ya mabomba ya majitaka.

Lakini 2010 watafiti wa Norway na wenzao walionyesha kuwa vigunduzi vya mitambo iliyokuwa tayari sokoni vingeweza kupofushwa kwa mwanga mkali, kisha vikaendeshwa kutoka nje bila kengele kulia. Fizikia haikuvunjwa. Kilichovunjwa ni mashine.

Na kuna umbali. Hali ya fotoni isiyojulikana haiwezi kunakiliwa, kwa hivyo haiwezi kuongezwa nguvu njiani. Njia ya Beijing hadi Shanghai, iliyozinduliwa 2017, ina kilomita 2,000 na vituo 32, na katika kila kituo cha katikati ufunguo unafunguliwa. Mlinzi akihongwa, umekwisha.

Sasa fikiria kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa 2009 kutoka Fujairah. Vikuza mawimbi vyake viko chini ya bahari, na fotoni ya BB84 haivuki hapo ikiwa salama. Ndiyo maana mimi natazama zaidi viwango vya NIST vya Agosti 2024, hesabu zilizoundwa kuhimili kompyuta za kwanta. Hazina uthibitisho wa fizikia, lakini ni programu tu, na kebo ile ile ya Mombasa inazibeba.