Vitabu kuhusu kutekwa kwa Vicksburg
Anayetaka kuelewa jinsi Vicksburg, mji uliodhibiti mto Mississippi, ulivyotekwa mwaka 1863 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aanze na kitabu cha Michael B. Ballard cha 2004. Humo hawasahauliki raia waliojificha mapangoni mji ulipozingirwa kwa siku 47.

Kumbukumbu za Ulysses S. Grant, jemadari mshindi, zasomeka kwa raha, ila zahitaji tahadhari. Aliziandika akiugua saratani ya koo, akihofia kuiacha familia yake katika ufukara. Na hamwonei huruma John McClernand, jenerali aliyemwachisha kazi wakati wa mapambano hayo.

Majuzuu 3 ya Edwin C. Bearss hufuata vikosi hatua kwa hatua. Asiye na ramani kando yake atapotea.