Waliokimbilia Misioni ya Bagamoyo

Mtu aingiaye Misioni ya Bagamoyo hupita chini ya miembe iliyopandwa mwaka 1871, na mbele yake huona nyumba za kale na makaburi ya wamisionari. Mahali hapa pasifiwa kwa mambo mawili: ukombozi wa watumwa, na mwili wa Livingstone, ulioletwa na watumishi wake mwezi Februari 1874. Lipo na jambo la tatu, nalo wachache hulisimulia, yaani habari ya watu waliokuja kujiponya hapa siku za vita vya Bushiri.

Lakini kwanza yatupasa kusema neno juu ya watumwa, maana bila hilo habari yetu haitafahamika vema. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaweka Misioni mwaka 1868, Padre Antoine Horner akiwa mkubwa wao. Waliwakomboa watoto na watu wazima kwa fedha, wakawaweka katika kijiji chao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873, ila utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Basi, aliyekombolewa kwa fedha alikaa salama, kwa kuwa bwana wake wa zamani alikwisha kulipwa. Je, yule aliyetoroka kwa miguu yake? Huyo kwa sheria ya nchi alikuwa bado mali ya mtu, na aliyemficha alihesabiwa kuwa mwivi. Kwa sababu hiyo misioni za pwani, za madhehebu mbalimbali, mara nyingi zilisita kumpokea mtoro, wala si haki kulificha jambo hili kwa kuwa tuna sikukuu. Kule Rabai, karibu na Mombasa, mambo yalifika mwisho wake mwaka 1888, watoro walipoonekana kuwa wengi mno katika misioni za Waingereza. Bwana George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza akawalipa mabwana wao, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Walifurahi sana, nasi twafurahi pamoja nao. Hata hivyo ni ajabu kwamba fedha zilikwenda kwa yule aliyemfunga mtu, wala si kwa aliyefungwa.

Sasa na turudi Bagamoyo. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliwapa Wadachi wa Kampuni ya Afrika ya Mashariki mamlaka ya kutawala pwani na kutoza ushuru. Hata mwezi Agosti walipotweka bendera yao, watu wa pwani wakakataa. Huko Pangani aliinuka Bushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa. Huko Saadani akainuka Bwana Heri. Wako wamwitao Bushiri mwasi, na wako wamwitao shujaa. Sisi twasema kwamba nchi ilitolewa bila wenyewe kuulizwa. Mwezi Septemba vita vikafika Bagamoyo, askari wa manowari ya Kidachi wakashuka pwani, watu wengi wakafa. Mji ukawa kati ya moto wa pande mbili.

Ndipo watu walipokimbilia Misioni. Walikuja kwa maelfu, wenye mji na watu wa vijiji vya kandokando, wengi wao Waislamu, wakajenga vibanda vya makuti katika shamba la minazi. Hebu msomaji afikiri maana yake: maji ya visima vilevile, chakula cha ghala ileile, maradhi ya watu waliosongamana, na usiku milio ya bunduki. Hawa hawakukombolewa kwa fedha, wala hapakuwa na wa kuuliza bei yao. Haja yao ndiyo iliyokuwa hati yao.

Padre Étienne Baur, aliyekuwa mkubwa wa Misioni, alijua kwamba ukuta hautawalinda watu hao. Kilichowalinda ni neno. Alisema na Bushiri, naye Bushiri akaahidi kwamba Misioni haitaguswa, na ahadi hiyo akaishika. Tusimnyime sifa hiyo. Shirika la Mapadre lilikuwa la Kifaransa, na watu hawakulihesabu kuwa moja na Kampuni. Mambo ya Pugu yalikuwa mengine. Wabenediktini waliotoka Udachi walikuwa wamefika huko mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889 wakashambuliwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mapadre wa Bagamoyo ndio waliosaidia katika mapatano ya kuwakomboa, kwa kuwa kwao mlango wa maneno ulikuwa bado wazi.

Mwezi Mei 1889 Wissmann aliivunja kambi ya Bushiri iliyokuwa karibu na mji. Bushiri akakimbia bara, akarudi na Wambunga walioitwa Mafiti, na watu wa Uzaramo wakapata taabu nyingine. Tarehe 15 Desemba mwaka uleule akanyongwa Pangani.

Siku zile hapakuwa na mkataba wowote wa mataifa juu ya wakimbizi. Mkataba wa Geneva ulikuja mwaka 1951, nao wakataza mkimbizi kurudishwa mahali ambapo uhai wake au uhuru wake umo hatarini; na mwaka 1969 mataifa ya Afrika yakaongeza katika mkataba wao wale waikimbiao nchi yao kwa ajili ya vita na machafuko. Kwa maneno ya mikataba hiyo, watu wa Bagamoyo wa 1888 wasingeitwa wakimbizi, kwa maana hawakuvuka mpaka wowote. Walitembea mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwao. Nadhani mama aliyebeba mtoto mgongoni asingeiona tofauti hiyo.

Waliovuka mpaka nao walifika baadaye. Frelimo, chama cha Wamsumbiji waliopigania uhuru wao, kilianzishwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na mwaka 1970 shule yake ya sekondari ikafunguliwa hapa Bagamoyo, kwa ajili ya vijana ambao nchi yao ilikuwa vitani ng'ambo ya Ruvuma. Walisoma hapa hata nchi yao ikapata uhuru, tarehe 25 Juni 1975.